Viunganishi na Vitenzi vya Ulinganishi: Gari la Petroli na Gari la Umeme

Ulinganishi hukamilika sentensi ikitaja vitu vinavyolinganishwa, neno la kulinganishia na kigezo. Chunguza mifano hii:

(a) Gari la petroli hujazwa mafuta upesi kuliko linavyochajiwa gari la umeme.
(b) Gari la umeme hulizidi la petroli kwa utulivu wa injini.
(c) Gari la umeme hukwama matopeni sawa na la petroli.

Sentensi "Gari la umeme ni bora kuliko la petroli" ni sanifu, lakini haina kigezo. Mwanafunzi wa Muyinga, aonaye malori ya mafuta yakiingia kutoka Tanzania kupitia Kobero, ana haki ya kuuliza: bora kwa lipi? Petroli yote ya Burundi huagizwa kutoka nje. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, hugawanywa baina ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Hapo kigezo chapatikana: ukaribu wa chanzo cha nishati.

Tanbihi: Katika Kirundi, kitenzi *kurusha* humaanisha kuzidi. Katika Kiswahili, *kurusha* ni kutupa hewani. Hivyo *"Gari hili ni zuri kurusha lile" si sahihi. Sema "kuliko lile". Usimkemee mwanafunzi akosaye hivyo. Mwonyeshe lugha zote mbili ubaoni.

Zoezi: Linganisha safari ya Gitega hadi Muyinga kwa magari haya mawili. Tunga sentensi moja ya kuzidi, moja ya kupungukiwa na moja ya usawa. Pigia mstari kila kigezo.