Fundisho: Ginsi ya Kupima Mchezo wa Video

Watu wengine husema: «Michezo ya video yote ni mibaya, inaharibu watoto.» Wengine hujibu: «Ni mchezo tu, haina neno.» Hawa wamekosa, na wale wamekosa vile vile, kwa maana wote wamehukumu pasipo kutazama. Mihogo mitamu na mihogo michungu hufanana majani. Mwenye akili hakati shamba lote, wala hali kila mzizi anaouchimbua. Huuonja kidogo kwanza, kiisha anasema: huu ni wa kupika, huu ni wa kulowekwa.

Basi fundisho hili linaonyesha ginsi ya kuonja.

I. MCHEZO WA VIDEO NI NINI?

Mchezo wa video ni mchezo unaochezwa juu ya kioo cha televisheni, cha kompyuta ao cha simu. Mchezaji hubonyeza, na picha humtii. Ndani ya mashini mna amri nyingi zilizoandikwa na mafundi, zinaitwa programu. Amri hizo hazionekani, lakini ndizo zinazosema: ukifanya hivi utapata, ukifanya vile utapoteza.

Wanaocheza kisolo wataelewa upesi. Kisolo kina mashimo na kete, lakini mashimo na kete si kisolo. Kisolo ni sheria yake. Mzee mwenye ubao uliochongwa vizuri, na mtoto aliyechimba vishimo mchangani, wote wawili wanacheza mchezo mmoja. Vivyo hivyo, anayepima mchezo wa video asidanganywe na picha zenye kung'aa. Atazame sheria, na aulize maulizo matatu:

1. Je, mchezo huu una haki?
2. Je, unamfanyisha mchezaji kazi gani?
3. Je, unamwachia aende zake?

II. ULIZO LA KWANZA: HAKI

Mchezo wenye haki ni ule ambao mtu akishindwa anajua amekosa wapi.

Mfano mwema ni Tetris. Aliyeutunga ni Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta mjini Moscow, mwaka 1984. Kompyuta yake haikuweza hata kuchora picha, basi akatumia alama za maandishi tu. Vipande vinashuka toka juu, kimoja kimoja. Kuna namna 7 za vipande, na kila kipande kina miraba 4. Mchezaji anavigeuza na kuvipanga kama fundi apangavyo matofali. Mstari wa miraba 10 ukijaa pasipo pengo, unafutika. Pengo likibaki, ukuta unapanda. Ukifika juu, mchezo umekwisha. Na kadiri mtu anavyoendelea, vipande vinashuka mbio zaidi.

Mtoto anaelewa sheria hiyo yote kwa dakika moja. Katika mchezo ule wa kwanza tajiri hakuweza kununua kipande chepesi, wala maskini hakupewa kizito. Mwenye kushindwa analiona pengo aliloliacha kwa mkono wake mwenyewe, na kesho haliachi tena. Mwezi wa Desemba 2023 mtoto wa miaka 13 huko Marekani alicheza Tetris ya Nintendo ya mwaka 1989 mpaka programu yenyewe ikakwama. Kwa miaka zaidi ya 30 hakuna mtu aliyepata kuifikisha pale. Sheria iliyo wazi humwezesha mtu kujifunza hata mashini ichoke.

Sasa mfano wa pili. Mwaka 1982 kampuni Atari ya Marekani ilitaka kuuza kwa Noeli mchezo uliotokana na E.T., sinema ya Steven Spielberg. Fundi wake, Howard Scott Warshaw, hakuwa mjinga. Mchezo wake wa kwanza, Yars' Revenge, ulikuwa umesifiwa. Wazo lake la safari hii vile vile lilikuwa jema: mchezaji haui mtu, ila anamsaidia mgeni aliyepotea kutafuta vipande 3 vya chombo cha kuwaita watu wa kwao. Lakini fundi alipewa majuma kama 5 tu. Mchezo ukatoka haujaiva. Mchezaji anaanguka shimoni. Anapanda kwa shida. Anapiga hatua moja, anaanguka tena, wala hajui kosa lake ni lipi. Wanunuzi wakanung'unika. Mwaka 1983 Atari ilizika bidhaa zake nyingi jangwani karibu na mji wa Alamogordo, pamoja na mchezo huo. Mwaka 2014 watu wakachimba, wakaukuta mchangani.

Anayepima mchezo huo kwa haki atasema mambo mawili: wazo lake jema, kazi yake mbovu. Asiyetaja la kwanza amemwonea fundi. Asiyetaja la pili amemwonea mnunuzi.

III. ULIZO LA PILI: KAZI YA MIKONO

Mtu aweza kusahau aliyoambiwa, lakini jambo alilolifanya mara mia hukaa naye. Mchezo hufundisha hivyo, kwa kumfanyisha mtu. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kisa chake ni nini. Lazima kuuliza: mchezaji anafanya nini toka mwanzo hata mwisho?

Michezo mingi ya vita humpa mchezaji bunduki, na humpa alama kwa kila mtu anayeanguka. Wema wake upo: macho yanakuwa mepesi, na wenzi wanaocheza pamoja wanajifunza kusikilizana. Lakini kasoro yake ni nzito. Mfu wa mchezo huo hana mama, hana matanga, hana shamba lililoachwa. Anatoweka tu. Watu waliokimbia vita vya kweli, wakabeba watoto na masufuria usiku, wanajua kwamba huo ni uwongo.

Lakini si kila mchezo wa vita unasema uwongo huo. Mwaka 2014 mafundi wa Polandi, wa kampuni 11 bit studios, walitoa This War of Mine. Walifuata habari za mji wa Sarajevo huko Bosnia, uliozingirwa na majeshi toka mwaka 1992 hata 1996. Mchezaji haongozi askari. Anaongoza raia wachache katika nyumba iliyobomoka. Mchana wanatengeneza jiko na kutafuta maji ya kunywa. Usiku mmoja wao anatoka kwenda kutafuta chakula na dawa. Aweza kufika kwa wazee wawili wasio na nguvu, wenye chakula nyumbani. Akitaka, awanyang'anye. Hakuna wa kumzuia. Lakini akirudi, moyo wake umevunjika, na wenzake nao wanahuzunika, hata wengine hawataki kufanya kazi tena. Mchezo haumhubirii. Umemwacha atende, kiisha umemwonyesha alilolitenda.

Kasoro zake? Siku zinafanana, kazi ni zile zile, na mchezaji huchoka. Tena huzuni yake si ya watoto. Mwaka 2020 serikali ya Polandi ilipoutangaza kuwa kati ya masomo ya shule za sekondari, ilikuwa kwa wanafunzi waliotimiza miaka 18.

Uko mwingine unaogusa Kongo yenyewe: Phone Story, wa mwaka 2011, uliotolewa kwa jina la Molleindustria. Ni mchezo mdogo wa simu. Sehemu yake ya kwanza ni katika mgodi wa koltani wa Kongo. Koltani hutoa madini ya tantali, yanayotiwa katika vyombo vidogo ndani ya simu na mashini za michezo. Watoto wanachimba; nao askari wenye bunduki wanawalazimisha. Na ni nani anayewaongoza askari hao? Mchezaji mwenyewe, kwa kidole chake. Kampuni Apple iliutoa katika duka lake la programu mwaka ule ule.

Ukipimwa kama mchezo, ni dhaifu: mfupi, haufurahishi mkono, wala mtu hatamani kuurudia. Ukipimwa kwa neno lake, ni mzito: mwenye simu anajiuliza jiwe lililo ndani yake lilichimbwa na nani. Wema na kasoro hukaa nyumba moja, na anayepima avitaje vyote viwili.

IV. ULIZO LA TATU: MLANGO WA KUTOKA

Hili ndilo ulizo linalosahauliwa kuliko yote. Mgeni mwema hujua saa ya kuaga. Mchezo nao vivyo hivyo.

Katika miji mingi ya Kongo kuna vyumba ambamo vijana hulipa feza kwa kila mechi, wacheze mpira juu ya kioo. Mchezo unaopendwa sana ni ule wa kampuni Electronic Arts, ulioanza mwaka 1993 kwa jina la FIFA, na toka mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC. Una mengi ya kusifiwa. Sheria zake zajulikana kwa kila mtu. Wachezaji wawili wanakaa bega kwa bega, wanataniana, wanafundishana kulinda goli. Tena una mlango wa kutoka: firimbi inalia, mechi imekwisha.

Lakini nyumba ile ile ina chumba kingine. Katika sehemu iitwayo Ultimate Team, inayochezwa kwa intaneti, mtu aweza kulipa feza za kweli ili afungue pakiti, asijue ndani mna mchezaji gani. Labda nyota, labda mtu wa bure. Hiyo ni kamari iliyovaa jezi. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya kamari ilihukumu kwamba masanduku ya namna hiyo, katika FIFA 18 na katika michezo mingine, yanavunja sheria. Mwezi wa Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza Ubelgiji zile alama za kufungulia pakiti.

Tazama tena Candy Crush Saga, wa mwaka 2012. Hauombi feza za kuanza. Rangi zake zapendeza, na sheria ni nyepesi: panga peremende 3 za namna moja. Mgonjwa kitandani ao msafiri anayengoja gari aweza kupumzika nao. Lakini mchezaji ana maisha 5. Yakiisha, angoje dakika 30 kwa kila uhai mmoja, ao alipe. Tena peremende zinashuka kwa bahati. Aliyeshindwa hajui kama amekosa yeye, ao kama bahati haikumpenda, naye hudhani alikuwa karibu sana kushinda. Neno hilo «karibu» ndilo linalomfunga. Hata akiweka simu chini, simu inalia na kumwita arudi. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tetris iliyosifiwa juu nayo haikosi kasoro hapa. Haimwiti mtu, lakini haina mwisho. Mchezaji asipojiwekea mwisho, usiku wote utapita.

V. HATARI ILIYO KWELI

Tuseme kijana ametumwa mjini apeleke feza za shule za dada yake. Anapita mbele ya chumba cha michezo. Anacheza mechi moja, anashindwa kwa bao la mwisho. Anataka kulipa kisasi: ya pili. Kiisha ya tatu, sasa kwa kuwekeana feza. Jioni anarudi mikono mitupu, na Jumatatu dada anafukuzwa darasani. Je, mchezo ulikuwa mbaya? Mechi ilikuwa na haki, na firimbi ililia mara tatu. Mlango ulikuwa wazi, naye hakutoka. Basi anayepima mchezo sharti ampime na mchezaji.

Shirika la Afya Duniani nalo limeliona jambo hili. Mwaka 2019 nchi wanachama zilikubali orodha mpya ya magonjwa, ilioanza kutumika mwaka 2022, na ndani yake mna ugonjwa wa kushindwa kujizuia katika michezo ya video. Alama zake ni tatu: mtu hawezi tena kujitawala, mchezo umetangulia mbele ya kazi, masomo na jamaa, naye anaendelea hata akiona hasara. Kwa desturi, hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Wachezaji walio wengi hawana ugonjwa huo. Lakini mzazi anayeona alama hizo asingoje mwaka utimie ndipo aseme na mtoto wake.

Anayetaka kuupima mchezo aucheze kwanza nusu saa. Kiisha aweke mashini chini, achukue karatasi, aigawe kwa mstari. Upande mmoja aandike wema, upande wa pili kasoro. Upande mmoja ukibaki mtupu kabisa, bado hajautazama vema.

MAULIZO

1. Ulizo: Katika mchezo wa video, kinachopimwa kwanza ni nini?
Jibu: Sheria yake, kabla ya picha zake.

2. Ulizo: Mchezo wenye haki hutambulikanaje?
Jibu: Aliyeshindwa anajua amekosa wapi, wala feza hazimnunulii mtu ushindi.

3. Ulizo: E.T. ulikuwa na wema gani na kasoro gani?
Jibu: Wazo lake lilikuwa jema, kazi yake ilifanywa kwa haraka, ikaharibika.

4. Ulizo: Kwa nini This War of Mine haufanani na michezo mingine ya vita?
Jibu: Kwa sababu humwonyesha mchezaji matunda ya tendo lake.

5. Ulizo: Mchezo mmoja waweza kuwa mwema na mbaya pamoja?
Jibu: Ndiyo, mechi ya mpira ina haki na mwisho, lakini pakiti zake ni kamari.

6. Ulizo: Mchezo usio na mwisho, nani aumalize?
Jibu: Mchezaji mwenyewe, saa aliyoiweka kabla ya kuanza.