BETRI ZA BEI RAHISI: PIMA MBILI KABLA YA KUAGIZA MIA



Somo letu la leo ni juu ya kitu kidogo kinachopita kidole gumba kwa urefu kidogo tu. Unakivaa kichwani ukiingia shimoni. Jioni kinawasha taa ya nyumbani na redio. Kitu hicho ni betri ya lithiamu.

Zamani wachimbaji walimulika kwa taa ya karabidi: kokoto chini, maji juu, na gesi inawaka. Kila mtu aliiogopa kwa sababu alikuwa anaona moto wake. Betri haionyeshi moto. Kwa hiyo watu wanaizoea, wanalala nayo, wanaichezea. Hapo ndipo hatari inaanza.

Siku hizi, mtu akiwa Kasongo au Kabambare anafungua simu yake na kuona wauzaji wa China wanaotangaza betri 100 au 500 kwa bei ndogo sana. Mzigo unashuka bandari ya Dar es Salaam, unafika Kigoma, unavuka ziwa Tanganyika. Mwingine unapita Bukavu. Kisha unafuata barabara yetu mnayoijua, yenye matope wakati wa mvua. Ukifika na kukuta umedanganywa, utaurudisha namna gani? Nauli ya kurudisha itazidi bei ya mzigo wenyewe. Basi, lazima uchunguzi ufanyike kabla ya mzigo kuondoka.

NAMBA ILIYOANDIKWA SI USHAHIDI

Tazama betri ya taa yako ya kichwa. Mara nyingi ni ile inayoitwa 18650. Maana ya namba hiyo ni upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Juu yake kuna namba nyingine yenye herufi mAh. Hiyo inaonyesha kiasi cha umeme unaoweza kukaa ndani, kama vile bidoni inavyoandikwa lita 5 au lita 20.

Betri nzuri za ukubwa huo, zinazouzwa kwa kawaida, zinabeba kati ya 2000 na 3500 hivi. Ukiona moja imeandikwa 9900, usifurahi. Huwezi kutia lita 20 ndani ya bidoni ya lita 5, hata ukiandika 20 kwa rangi nyekundu. Nyingi za namna hiyo hazifiki hata 1000. Nyingine ni betri za zamani zilizotolewa ndani ya kompyuta zilizokufa, zikavikwa ngozi mpya ya plastiki.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Tuseme watu kumi wa timu moja wana likelemba. Wamekusanya dola 100. Muuzaji wa kwanza anasema: «Betri 100, dola 1 kila moja, nguvu 9900.» Muuzaji wa pili anasema: «Betri 25, dola 4 kila moja, nguvu 3000.» Wote wanapiga kelele: «Mia! Chukua mia!»

Sasa tuseme zile za dola 1 kwa kweli zina nguvu ya 600 tu. Mia moja mara 600 ni 60 000. Zile za dola 4 ni 25 mara 3000, yaani 75 000. Umeona? Betri 25 nzuri zinabeba umeme kuzidi betri 100 mbaya, kwa pesa ile ile.

Lakini pesa si neno kubwa. Taa inayokula miliampea 500 itawaka saa 6 kwa betri ya 3000. Kwa betri ya 600 itawaka saa 1 na dakika 12. Mfanyakazi ameshuka asubuhi akiamini ana mwangaza wa siku nzima. Saa moja na kitu imepita, giza. Ngazi haionekani, ukingo wa shimo hauonekani, jiwe lililolegea juu ya kichwa halionekani. Bei rahisi ya dukani imekuwa bei ghali ya shimoni.

NAMNA YA KUPIMA

Usiagize mia mara ya kwanza. Agiza mbili. Ukiwa na ndugu au mtu unayemwamini Dar es Salaam au Bukavu, mwombe azipime huko. Mashine kubwa haihitajiki.

1. Uzito. Chukua mizani ndogo ya dhahabu, ambayo haikosekani kwetu. Betri nzuri ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi. Ukikuta gramu 30, ndani kuna kitu pungufu. Lakini angalia: uzito mzuri peke yake hautoshi, maana wengine wanajaza mchanga. Endelea na jaribio la pili.

2. Saa. Tia betri ya zamani unayoijua kuwa nzuri ndani ya taa, ikiwa imejaa. Washa, andika saa, ngoja mpaka mwangaza ufifie, andika tena. Kisha fanya hivyo na betri mpya katika taa ile ile. Ikiwa ya zamani imekaa saa 6 na mpya imekaa saa 1, umepata jibu.

3. Volti. Fundi wa redio ana kipimo cha volti. Betri ya lithiamu ya taa ikijaa inafika volti 4,2. Ikikufikia ikiwa chini ya 2,5 imekwisha kuharibika ndani. Usiichaji.

4. Macho na pua. Ngozi iliyopasuka, kutu, harufu ya dawa, alama za kuunguzwa: kataa.

Betri mbili zikishinda, agiza 10. Kumi zikishinda, agiza zaidi. Kila mzigo mpya upimwe tena, kwa sababu mtu anaweza kutuma mfano mzuri na mzigo mbaya. Usitume pesa nje ya njia ya malipo ya soko lenyewe kwa sababu muuzaji amekupunguzia bei. Weka maandishi yote mliyoandikiana.

Vitu vingine pia vina ujanja wao. Waya wa rangi ya shaba unaweza kuwa aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwaruza kwa kisu. Ukiona weupe ndani, waya huo unapata moto haraka kuliko shaba kamili ya unene ule ule. Fiuzi isiyokatika inapopaswa kukatika haikulindi, inakudanganya tu. Waya wa kulehemu nao, ambao una bati kama lile linalochimbwa katika Maniema yetu, mara nyingi umechanganywa na risasi. Fundi anawe mikono kabla ya kula, na asifanye kazi hiyo karibu na watoto.

USALAMA NYUMBANI NA KAZINI

Usichaji betri chini ya kitanda, juu ya godoro au mkeka. Iweke juu ya udongo, simenti au sahani ya chuma, mbali na mlango wa kutokea. Usichaji mkiwa mmelala. Usichaji ndani ya shimo hata siku moja.

Usiunge betri mpya na ya zamani pamoja, wala za aina mbili. Usitoboe, usitupe motoni, usibebe mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Ukishuka shimoni, beba taa ya pili, na betri yake uliyoipima wewe mwenyewe.

Betri ikipata moto sana, ikipiga mluzi au kutoa moshi, watu watoke kwanza. Moshi wake ni sumu. Ikiwa uko shimoni, acha vyombo, waite wenzako, pandeni juu. Ukiwa nje na mahali pana hewa, mwaga maji mengi ili ipoe na isiwashe nyingine. Mchanga unazuia moto usiruke, lakini betri inaweza kuendelea kuwaka chini yake, usiiguse upesi.

Usifiche betri ndani ya mzigo wa ndege kwa kuandika «vitu vya kuchezea». Tangu tarehe 1 Aprili 2016 sheria ya kimataifa inakataza betri za lithiamu zilizo peke yake kusafirishwa kama mizigo katika ndege za abiria. Moto ukiwaka angani, hakuna mlango wa kutokea.

MAMA, SIKILIZA HAPA

Zile betri ndogo bapa kama kifungo cha shati, zinazokuja katika saa, vitu vya kuchezea na taa ndogo, zinapendwa na watoto. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kuchoma nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu, hata kama mtoto halii. Mkimbize hospitali mara moja, na useme wazi: «Amemeza betri.» Usimtapishe wala usimpe chakula. Kama amezidi mwaka 1, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe njiani vijiko 2 vidogo vya asali kila dakika 10, si zaidi ya mara 6. Asali inapunguza kuchomeka, haiponyeshi. Kama hakuna asali karibu, usipoteze wakati kuitafuta.

MASWALI YA KUULIZANA JIONI

1. Kwa nini betri ya 18650 iliyoandikwa 9900 ni ya uongo?
2. Timu yenu ina dola 100. Mtauliza nini kabla ya kuangalia bei?
3. Usiku huu, betri zinachajiwa wapi nyumbani kwenu?

Swali la tatu usilijibu kwa mdomo. Simama, uende ukaangalie. Kama iko karibu na kitanda cha watoto, iondoe sasa, kabla ya kukunja gazeti hili.

Rahisi ni ile inayokurudisha nyumbani jioni.