RNA Ndogo za Kipindupindu

Swali: Bakteria wa kipindupindu ana RNA ndogo zisizotengeneza protini. Zina kazi gani?

Jibu: Kubwa tu. Miongoni mwa RNA hizo, bakteria huyo, *Vibrio cholerae*, ana nne ziitwazo Qrr. Bakteria wakiwa wachache, Qrr, kwa msaada wa protini Hfq, hujibandika kwenye RNA ya kutengeneza protini HapR, na RNA hiyo huvunjwavunjwa. HapR huzuia sumu. Ikikosekana, vijidudu hung'ang'ania utumbo na mgonjwa huanza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Bakteria wakishajaa, Qrr hukoma, HapR hurudi, nao hujibandua watoke na choo. Bakteria wengi huanza ukali wakishajaa, huyu kinyume! Maabara ya Bonnie Bassler, Princeton, ilieleza kazi hii ya Qrr mwaka 2004. Ukifuta Qrr moja, tatu zilizobaki huziba pengo.