Kwa nini mbaazi hugeuka na choroko hubaki zilezile?

SWALI: Ninalima Lagangabilili, wilayani Itilima. Choroko ninazojiwekea mbegu hazibadiliki, lakini mbaazi zangu sasa zimechanganyika rangi na hazikomai pamoja. Je, niliuziwa mbegu mbovu?

JIBU: Si lazima, ndugu mkulima, chanzo kinaweza kuwa ua lenyewe. Ua la choroko hujichavusha kabla halijafunguka, kwa hiyo mbegu hurithi mmea mmoja tu. Mbaazi nayo huweza kujichavusha, ila ua lake la njano huita nyuki, nao huja na chavua ya shamba la jirani. Uchotara huo hauonekani siku ya kuvuna, kwa sababu ganda la mbegu ni sehemu ya mmea mama, hujitokeza ukishaipanda. Ndiyo maana mkulima huchagua punje safi, za rangi moja, kisha akavuna mchanganyiko.

Wapo watakaosema basi nyuki wadhibitiwe kwa dawa. Sikubaliani nao hata kidogo: nyuki hao ndio wanaosaidia alizeti kujaza punje. Wengine watashauri kununua mbegu mpya kila msimu, choroko kwa mbaazi. Kwa choroko gharama hiyo mara nyingi haina sababu, mradi uchume maganda yaliyokomaa kwanza na kuyakinga na fukusi. Kwa mbaazi, tenga kipande cha mbegu mita 200 hivi kutoka aina nyingine, ung'oe mimea ngeni kabla haijachanua. Majirani wakikubaliana kupanda aina moja, umbali huo hauhitajiki.