Imepata Oscar, wewe umepata nini?

Mwanangu Mwenye Kucheka wa Mangobo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa mezani, na sahani yangu ya lituma ikapoa. Umeandika kurasa nne. Katikati wino umeacha kuwa wa bluu ukawa mwekundu, nikajua hapo ndipo ulipofika kwa mchumba. Ngoja niwasimulie wasomaji kwa kifupi, halafu tubaki mimi na wewe.

Uliazima flashi kwa jirani kwa wiki mbili. Ndani yake kulikuwa na filamu ya mwaka 1951, The African Queen, vichekesho vya mapenzi vinavyosimulia mambo ya 1914. Babu yako, mzaliwa wa upande wa Ubundu, miaka yote amekuwa akisema kwamba akiwa mtoto wazungu walikuja kwao kupiga filamu mtoni, na miaka yote nyumba nzima imemwitikia "ndiyo, Babu" huku ikikonyezana. Basi Jumapili moja ukatandika mikeka kwenye parseli, ukawasha jenereta ya mjomba, ukamwalika mchumba wako, ambaye ni mwalimu wa historia, na nusu ya mtaa ikajialika yenyewe.

Babu alicheka mpaka akafuta machozi. Akina mama wa kwaya walinuna, kwa sababu dada wa mhubiri analala katika boti moja na mlevi ambaye hajapeleka hata kuku kwa wakwe. Vijana walilalamika kwamba bunduki zimechelewa. Mchumba wako alisimama mwanzoni kabisa akasema haya ni matusi, hawezi kuyatazama. Na wewe ukamjibu mbele ya wote: "Imepata Oscar, wewe umepata nini?" Watu wakacheka. Akatoka, akapanda baiskeli ya toleka, akaenda zake.

Sasa Babu anasema kijana ana kiburi. Kijana anasema hataki kuingia kwenu mpaka aombwe msamaha. Wazee wake walikuwa waje mwezi ujao kuzungumza mahari. Na wewe, katika haya yote, unaniuliza swali moja: nani ana haki kuhusu filamu hii?

Mwanangu, ungeniuliza nani ameumia, ningejibu kwa mstari mmoja. Lakini kwa kuwa umeileta filamu mezani, tuanze na filamu.

Hiyo Oscar uliyomrushia mchumba kama jiwe, je, unajua ni ya nani? Ni ya Humphrey Bogart. Alipewa mwaka 1952 kwa kucheza yule fundi mlevi, Charlie Allnut, na ndiyo Oscar pekee aliyoipata maishani. Katharine Hepburn, aliyecheza Rose, alitajwa kugombea akaikosa. John Huston, aliyeiongoza, alitajwa akaikosa. Kwa hiyo waliotoa tuzo walisema kwamba mwanamume mmoja ameigiza vizuri, basi. Hawakuulizwa kama watu wa kijiji cha yule mhubiri wameonyeshwa kwa heshima, na wala hawakuwa na sababu ya kujiuliza. Wewe umechukua cheti cha mtu mmoja ukakifanya hukumu ya kesi nzima. Mwalimu anaruhusiwa kuichukia filamu yenye tuzo, kama vile mimi naruhusiwa kutopenda wimbo unaopigwa kila baa ya Makiso.

Halafu tuangalie alisimama wakati gani. Umeandika mwenyewe, labda bila kuona ulichoandika: alisimama wakati kijiji kinaungua, "na sisi bado tulikuwa tunacheka tumbo." Nalikumbuka hilo tumbo. Wale watatu, mhubiri, dada yake na fundi, wanakunywa chai, tumbo la Bogart linanguruma, kila mmoja anajifanya hasikii. Hata mimi nilicheka. Lakini kabla ya chai kuna kanisa, ambapo watu weusi wanaimba wimbo wasioujua, na Bogart anapotupa kipande cha sigara wanakigombania. Baada ya chai Wajerumani wanaingia na askari wao, wanachoma nyumba, wanawachukua watu. Mhubiri anarukwa na akili, anakufa, anazikwa, analiliwa kwa muziki mzuri kabisa. Na wale waliochukuliwa? Hatuambiwi walipelekwa wapi. Hakuna aliyeuliza jina la hata mmoja wao. Kuanzia hapo, ukiacha askari wanaopiga risasi kutoka ngomeni, karibu safari yote ni ya wawili tu, kana kwamba mto huo mrefu hauna wenyewe.

Wewe unasema mchumba "alikimbia kabla filamu haijaanza." Mimi naona aliondoka pale watu wetu walipoondolewa.

Na kama angekuwa na hasira kidogo na subira zaidi, angekuambia jambo ambalo mwalimu wa historia lazima analijua. Hadithi hii ilitoka kwenye riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, ambamo boti chakavu inakwenda kuzamisha meli ya Wajerumani ziwani. Ni ya kubuni, lakini nyuma yake kuna tukio la kweli, nalo lilipita katika nchi yetu. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka kwao mpaka Cape Town, kisha kwa treni hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikateremshwa kwa Lualaba, huu huu mto wetu, kisha kwa reli mpaka Tanganyika, pale panapoitwa Kalemie leo. Desemba ya mwaka huo wakaiteka meli moja ya Wajerumani, Februari 1916 wakaizamisha nyingine. Unadhani nani alikata miti, akajenga madaraja, akabeba kuni na maji? Ni watu kama babu wa babu yako. Kwenye filamu kazi yao yote imegeuka kuwa ya bwana mmoja, bibi mmoja na mashine moja inayopigwa mateke. Mtu anayeyajua haya akiona parseli nzima inacheka, moyo unamuuma. Hicho si kiburi.

Usifurahi haraka, Mwalimu, najua gazeti hili unalisoma. Mchumba wako ameniandikia kwamba ulisema "wazungu wamedanganya kuhusu Kongo." Hadithi haikuwekwa Kongo. Imewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kongo ilikuwa mahali pa kupigia picha tu. Mwanafunzi wako angeandika hivyo kwenye mtihani, ungemkata alama.

Sasa Babu. Hapa, binti, ndipo uliponishangaza, maana katika kurasa nne hukuandika mahali popote kwamba umemuuliza alikuwa anacheka nini. Umeamua kwamba anacheka kile ulichokicheka wewe. Mchumba naye ameamua kwamba mzee amezoea ukoloni mpaka matusi yanamfurahisha. Mzee ana midomo, nanyi wawili mnamsemea.

Nikuambie ninachokijua. Kikosi kile cha filamu kilipita hapa mjini Kisangani mwaka 1951, wakati unaitwa Stanleyville. Kikavuka mto, kikapanda ile reli ya kilomita 125 iliyokamilika mwaka 1906 kuelekea Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, kikapiga kambi Biondo, kwenye mto Ruiki. Wengi waliugua. Hepburn alikunywa maji akaharisha vibaya. Bogart na Huston walijisifu kwamba wao hawakuugua kwa sababu hawakugusa maji, walikunywa wiski. (Hilo usimwambie mjomba wako mwenye jenereta.) Boti yenyewe ilizama kweli mtoni, ikabidi ivutwe juu. Baadaye wakaenda Uganda, Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Zile sehemu ambazo waigizaji wanaingia majini walizipiga Uingereza, ndani ya studio, kwa kuogopa magonjwa ya maji yetu.

Mtoto wa miaka kumi anayeishi pembeni ya kioja kama hicho alisikia nini jioni, wakubwa walipokuwa wanaota moto? Alisikia habari za wazungu waliotoka mbali kote huko kuzamisha boti na kuivuta tena. Miaka sabini na zaidi anayasimulia, anaonekana mzee anayeota. Halafu Jumapili moja, kwenye shuka jeupe la mjukuu wake, ule mto unatokea kwa rangi, na miti yake, na maji yake yale. Na nyumba nzima inatazama. Mimi nadhani Babu hakuwa anamcheka mtu. Alikuwa ameshinda kesi. Lakini ni kudhani tu. Wa kuulizwa yupo kwenu, kiti chake kiko chini ya mwembe.

Kuhusu wewe kucheka, hilo ndilo lililokuletea wino mwekundu, basi acha nilijibu wazi. Hukukosea. Pale Bogart anapoiga sauti ya kiboko, anaiga nyani, na yule dada aliyelelewa kukunja uso anacheka kwa mara ya kwanza, usipocheka nitakupeleka kwa daktari. Mtu anaweza kuyapenda mapenzi ya wale wawili na akachukizwa na kanisa lile, jioni hiyohiyo, kwenye mkeka huohuo. Akina mama wa kwaya nao wana hoja yao, ingawa nikumbushe kwamba wale wawili walifunga ndoa mwishoni, mbele ya nahodha aliyekuwa tayari kuwanyonga. Mahari ndiyo hayakulipwa. (Na yule mama anayeapa kwamba Hepburn ni "yule sista wa Stanleyville" amechanganya: huyo ni Audrey Hepburn, alikuja mwaka 1958 kwa filamu nyingine. Hawana undugu.)

Ulikosea kwenye sentensi moja tu, na haihusu filamu. "Wewe umepata nini?" Kumwambia mwalimu wa shule ya sekondari maneno hayo, Kisangani, ambako mshahara wa mwalimu kila mtu anaujua, mbele ya majirani atakaowaita wakwe. Mwanangu! Wewe ulijua pa kupiga. Alisimama kutetea heshima ya watu wasio na majina, nawe ukamwondolea ya kwake. Hilo ndilo linalohitaji msamaha, wala usilifunge pamoja na filamu. Ukienda kwake ukaanza na "lakini ile filamu pia ina mazuri yake," rudi nyumbani, hujawa tayari.

Nenda peke yako. Usitume ujumbe kwa simu, wala usimtume shemeji. Mwambie ulisema neno baya, ulitaje neno lenyewe, unyamaze. Akitaka kuzungumzia filamu, msikilize mpaka amalize. Akikuuliza unaionaje, mwambie ukweli: kuna mahali ulicheka na bado utacheka, na kuna mahali sasa hutacheka tena. Kama anataka mke atakayecheka pale tu anapocheka yeye, afadhali ulijue kabla wazee hawajavuka mlango.

Yeye naye ana deni kwa Babu. Mtu hatoki kwenye parseli ya mzee bila kuaga, hata kama nyumba inaungua kwenye shuka. Aje na kitu kidogo mkononi, sukari au tumbaku, akae chini, na asianze na hotuba. Amwombe Babu asimulie Biondo. Aje na daftari. Mwalimu wa historia ana shahidi wa mwaka 1951 katika ukoo anaotaka kuuoa, na mpaka sasa amemfanya adui! Babu akimaliza, ndipo kijana amweleze habari za Mimi na Toutou. Nadhani mzee atamsikiliza kuliko ulivyomsikiliza wewe.

Filamu msiiwashe tena kabla ya mahari. Kama mtaa unadai onyesho lingine, tafuteni La Vie est belle ya mwaka 1987, aliyoiongoza Mweze Ngangura, mtoto wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba anatoka kijijini kutafuta muziki Kinshasa na anampenda Kabibi. Humo pia kuna ujanja wa wanaume utakaowachukiza akina mama wa kwaya, na mtagombana tena, msiwe na shaka. Tofauti ni kwamba kila mnayemcheka humo ana jina.

Na flashi ya jirani irudishe leo. Uliomba wiki mbili, na kwa hesabu ya barua yako huu ni mwezi wa pili.

Shangazi yako