Kabla Hujameza Kidonge cha Nywele, Geuza Chupa

Wadogo zangu, leo naanza na ujumbe wa mwenzenu mmoja wa Dar es Salaam. Ni mrefu, nitaufupisha. Nywele za mbele zilimkatika kwa kusuka rasta za kubana na ngozi ikamkauka, basi akaagiza mtandaoni vidonge vya nywele, ngozi na kucha. Shoga yake akamshauri aongeze maltivitamini. Mama mzazi naye, ambaye hana dawa anayoiamini kama mafuta ya ini la samaki, akasisitiza kijiko kimoja kila asubuhi. Miezi imepita. Sasa anauliza: “Dada, midomo inapasuka, kichwa kinauma kila siku, na nywele ndiyo kwanza zinanyonyoka. Niongeze dozi?”

Hapana, mdogo wangu. Usiongeze hata tone.

Nilimwomba anipigie picha za chupa zote tatu. Si upande wa mbele wenye yule dada wa nywele za kumwagika mabegani, bali nyuma, kwenye maandishi ya kukunjia macho. Tukafanya hesabu. Maltivitamini: vitamini A yuniti 5,000. Vidonge vya nywele: yuniti 5,000 kwa kidonge, na maelekezo yanasema meza viwili. Kijiko cha chai cha mafuta ya ini la samaki: takriban 4,500. Jumla yuniti 19,500 kwa siku, na hapo hajanywa chai wala kula ugali. Mwanamke mzima anahitaji kama 2,300 tu kwa siku. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima hapaswi kukivuka siku baada ya siku ni 10,000. Kila chupa peke yake haikuwa na neno. Zilipokutana tumboni ndipo mambo yalipoharibika, maana hakuna mtengenezaji anayejua kuwa umenunua na ya mwenzake.

Na hizo dalili anazozitaja? Midomo kukauka na kupasuka, ngozi kubambuka, kichwa kuuma, kichefuchefu, viungo na mifupa kuuma, nywele kunyonyoka: ndizo dalili za vitamini A iliyozidi. Kidonge cha nywele kinaweza kukunyonyoa nywele, wadogo zangu. Sisemi ni hicho tu. Rasta za kubana zina lawama zao, upungufu wa damu nao hunyonyoa, tezi ya shingo nayo pia. Ndiyo maana nimemwambia aweke vidonge pembeni kwanza, aende akapime, badala ya kubahatisha kwa chupa ya nne.

Tatizo la vitamini A ni kwamba haitoki kirahisi. Vitamini C ukizidisha, nyingi utaikojoa. Vitamini A inayeyuka kwenye mafuta, na mwili huihifadhi, sehemu kubwa kwenye ini. Ini ni kibubu: unatumbukiza kila siku, kutoa ni kidogo kidogo, na akiba inakaa miezi. Ikizidi mno, ini lenyewe huumia. Wanyama nao huweka akiba vivyo hivyo, na wapo watu walioijua habari hii kwa njia mbaya. Mwaka 1597 mabaharia wa Kiholanzi wa msafara wa Willem Barents, waliokwama kwenye barafu ya kaskazini, walikula ini la dubu wa huko. Watatu waliugua vibaya, ngozi ikawabambuka kuanzia kichwani hadi miguuni. Nani angewaambia? Neno vitamini lilikuwa halijazaliwa.

Sasa nisije nikawatisha mkaikimbia hata karoti. Vitamini A huingia mwilini kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni retinoli, iliyo tayari kutumika: ndiyo iliyomo kwenye ini, mayai, maziwa, mafuta ya ini la samaki, na vidonge vingi. Hii ndiyo inayozidi. Mlango wa pili ni karotini ya mimea: mchicha, matembele, kisamvu, embe, papai, boga, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, na mawese ambayo ndugu zetu wa Kigoma hawahitaji kufundishwa. Hiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri ya mahitaji, ikitosha unapunguza. Ukila maembe msimu mzima, kikubwa kitakachokupata ni viganja kuwa na unjano, na vitarudi. Kwa hiyo kwenye chupa tafuta neno linaloanza na herufi r-e-t-i-n. Ukiliona, hiyo ndiyo ya kuhesabu kwa ukali. Chupa nyingine huandika mcg, yaani mikrogramu, badala ya IU, ambazo ndizo yuniti zetu. Kwa retinoli zidisha hizo mcg kwa 3.3 upate yuniti. Mcg 3,000 ndiyo ile 10,000 yetu. Kumbuka pia kwamba mafuta mengi ya kupikia tunayonunua madukani Tanzania na Kenya yameongezwa vitamini A kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo hata usiyemeza kidonge unapata kidogo jikoni.

Hapa naomba mtulie, hasa nyinyi mnaotafuta mtoto, na nyinyi msiotafuta ila mambo yanaweza kutokea.

Retinoli nyingi katika wiki za mwanzo za ujauzito inaweza kuharibu uumbaji wa mtoto: uso, moyo, ubongo. Wiki hizo ndizo ambazo wengi wetu hatujajua kama tuna mimba. Tunadhani ni malaria au uchovu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliofuatilia wajawazito zaidi ya 22,000, ulikuta hatari imepanda kwa waliokuwa wakimeza zaidi ya yuniti 10,000 kwa siku kutoka kwenye vidonge. Tafiti nyingine hazikuiona hatari hiyo kwenye kiwango hichohicho, na wataalamu wamebishana. Mimi dada yenu sioni faida ya kuwa upande wa ubishi ambao ukikosea, anayelipa ni mtoto. Yuniti 10,000 ndiyo dari, na ukiwa unakula vizuri huna sababu ya kuikaribia. Vile vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki, vya madini ya chuma na foliki, havina vitamini A. Ukipewa vile vyenye virutubisho vingi kwa pamoja, fomula inayotumika kimataifa ina mcg 800 tu, haina shida, mradi usiongeze maltivitamini yako ya nyumbani juu yake.

Ini, je? Najua mama mkwe ameshakuagizia ini la ng'ombe “lijaze damu”. Anakupenda, mwitikie “abee mama”. Lakini kipande cha gramu 85, tuseme cha ukubwa wa kiganja, kina zaidi ya mcg 6,500 za retinoli, yaani zaidi ya maradufu ya dari ya siku. Uingereza huwaambia wajawazito waliache kabisa. Huku kwetu, ambako upungufu wa damu ni tatizo kubwa, wapo manesi wanaolishauri, na sitaki kugombana nao. Rai yangu: ujauzito ukiwa mchanga liweke kando, na baadaye liwe jambo la mara chache, kipande kidogo, kwa makubaliano na nesi wako. Damu itajengwa na nyama ya kawaida, dagaa, maharage, na vidonge vya kliniki ambavyo wengi wenu, msinifiche, mnavitupa kwa sababu vinatia kichefuchefu.

Lingine linaloniudhi ni vidonge vya chunusi. Isotretinoini ni ndugu wa karibu wa vitamini A, na ni dawa kali inayopaswa kuandikwa na daktari wa ngozi. Siku hizi nasikia inauzwa mkononi pamoja na losheni, eti “vidonge vya kung'arisha uso”. Mwanamke anayeitumia anatakiwa awe na uhakika hana mimba kabla ya kuanza, atumie uzazi wa mpango mwezi mmoja kabla, muda wote wa dozi, na mwezi mmoja baada ya kumaliza, kwa sababu madhara yake kwa mimba ni makubwa na yanajulikana. Na ukiwa unaitumia, vidonge vya vitamini A ni marufuku. Ni kama kuimeza mara mbili. Hata doksisaiklini na tetrasaiklini, ambazo wengi mnanunua duka la dawa kwa ajili ya chunusi hizohizo, hazichanganywi na vitamini A nyingi, kwani zikikutana na vitamini hiyo zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu: kichwa kuuma vibaya, macho kuona ukungu. Ukifika hapo, acha kumeza na uende hospitali siku hiyohiyo.

Sasa najua kuna mama mwenye akili anayenisoma huku amenikunjia uso: “Dada, mbona mtoto wangu wa miaka miwili amepewa yuniti 200,000 mara moja, na wewe unatutisha kwa 10,000?” Swali zuri sana. Ile ni dozi ya nusu mwaka. Kibubu kinajazwa mara moja, mtoto anachota kidogo kidogo. Gawanya 200,000 kwa siku 180 utapata kama 1,100 kwa siku, na mtoto wa umri huo anahitaji takriban 1,000. Tanzania hutoa mara mbili kwa mwaka, kawaida Juni na Desemba, pamoja na dawa ya minyoo. Kenya wana wiki zao za Malezi Bora. Mwenye miezi 6 hadi 11 hupata kidonge cha bluu cha 100,000, mwenye mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano hupata chekundu cha 200,000. Mhudumu hukata ncha kwa mkasi na kumkamulia mdomoni. Mtoto hapewi kidonge kizima, anaweza kupaliwa.

Msikose matone hayo. Mtafiti Alfred Sommer na wenzake walipoyajaribu Aceh, Indonesia, katika utafiti uliochapishwa 1986, vifo vya watoto vilipungua kwa karibu theluthi. Mtoto mwenye upungufu huanza kwa kujikwaa jioni kwa sababu haoni giza likiingia, halafu macho hukauka, na surua au kuhara vikimkuta hana akiba, vinamwangusha. Baadhi ya watoto wakishapewa hutapika au kulegea siku moja mbili, hupita. Kinachonitia wasiwasi ni bibi kumpeleka mtoto zahanati Jumatatu na mama kumpeleka tena kwenye kampeni Alhamisi, kila mmoja bila kadi. Kadi ya kliniki ikae mahali ambapo nyumba nzima inapajua. Dozi za kurudiarudia, kama zile anazopewa mwenye surua au mwenye dalili za macho, ni kazi ya hospitali. Na tafadhali, vitamini za watoto za mfano wa peremende ziwekwe juu kabatini. Mtoto haelewi kuwa ni dawa, atamaliza kopo kwa utamu.

Kwa kina baba, neno moja: anayevuta sigara asimeze vidonge vya beta-karotini akidhani anasafisha mapafu. Ufini walivijaribu kwa wavutaji karibu 29,000, matokeo yakatoka 1994: saratani ya mapafu iliongezeka. Boga la kwenye sahani halina shida hiyo.

Namrudia mwenye ujumbe wake, na yeyote aliyejikuta kwenye hesabu ile. Acha chupa zote zenye retinoli. Zitie kwenye mfuko uende nazo kwa mfamasia au daktari, zenyewe, si kwa kusimulia, maana majina yanafanana. Mwombe akupime ini, hasa kama unakunywa pombe au uliwahi kuugua manjano. Dalili nyingi huanza kupungua baada ya wiki kadhaa ukishaacha. Nywele zina uvivu wao, zipe miezi. Na kama umegundua una mimba wakati ulikuwa unameza, nenda kliniki ukaseme ukweli wote: dozi gani, tangu lini. Usikimbilie kuitoa kwa hofu. Waliozidisha wengi huzaa watoto wazima, na daktari anaweza kukupangia ultrasaundi ya kumwangalia mtoto vizuri ujauzito ukifika kama wiki ya 20.