Mchujo na Kuacha Masomo katika Vyuo vya Sanaa

Sisi wa Kidato cha Nne twaulizana kila siku, "Wewe waenda wapi baada ya mtihani?" Mmoja hujibu Kidato cha Tano, wa pili ualimu, wa tatu uganga. Mimi hujibu chuo cha sanaa, Bagamoyo, na wenzangu hucheka. Hawacheki kwa ubaya. Wasema kwamba katika vyuo vya namna hiyo wengi huingia na wachache hutoka. Nimeona afadhali niyachunguze maneno hayo kuliko kuyakasirikia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yatupasa kutenganisha mambo mawili. Kuchujwa ni kutolewa na walimu kwa sababu wameona hufai kuendelea. Kuacha ni kuondoka mwenyewe, kwa kukosa ada, kwa maradhi, au kwa kuvunjika moyo. Kwa mtu wa nje mambo haya ni mamoja, maana aonalo ni kiti kitupu. Lakini dawa zake ni mbalimbali, na asiyejua ugonjwa hawezi kutoa dawa.

Mchujo una historia yake. Huko Marekani, shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha DePaul, mjini Chicago, kwa miaka mingi ilikuwa na desturi ya kupunguza waigizaji mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Baadaye desturi hiyo iliachwa. Waliotetea mchujo walikuwa na hoja zenye nguvu. Walisema nafasi za jukwaani ni chache, basi ni heri kijana aambiwe mapema kuliko kudanganywa miaka minne. Tena mwalimu wa maigizo hawezi kufundisha umati. Hana budi kumtazama kila mmoja akitembea, akisema na hata akinyamaza.

Waliopinga nao walikuwa na hoja. Mwanafunzi anayeogopa kutolewa hathubutu kujaribu jambo gumu; kila siku huonyesha lile tu analolijua. Basi amekuja kujifunza, naye hajifunzi. Tena watu hawaivi pamoja. Hata maembe ya mti mmoja hayaivi siku moja, na hakuna mkulima akataaye mti kwa sababu ya embe bichi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme chuo fulani kimepokea wanafunzi 40. Mwisho wa mwaka wa kwanza 20 wakachujwa. Katika wale 20 waliobaki, 4 wakaacha wenyewe, na 16 wakamaliza. Chuo chaweza kutangaza kwamba waliomaliza ni 16 katika 20, yaani asilimia 80, nasi tukapiga makofi. Lakini walioingia mlangoni walikuwa 40, na 16 katika 40 ni asilimia 40 tu. Hesabu zote mbili ni sahihi; tofauti ni siku uliyoanza kuhesabu. Kwa hiyo ukiambiwa asilimia, uliza kwanza, "Ni katika wangapi, na walihesabiwa lini?"

Turudi nyumbani. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, ambaye alifundisha hapa Pugu mpaka mwaka 1955, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Baada ya hapo taifa likawa na kikundi chake cha ngoma, kisha cha sarakasi na cha maigizo. Vijana walipelekwa hata China kujifunza sarakasi. Hatimaye vikundi hivyo vilivunjwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 2007 chuo hicho kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hapa twaona namna nyingine ya kupunguza: si mtu mmoja anayetolewa katika kundi, bali kundi zima laondolewa. Lakini hapa jambo jema lilifuata, maana badala ya kikundi cha wachache wanaocheza, tulipata mahali pa kufundisha wengi.

Vyuo vya ufundi nchini petu vina ngazi. Anayefaulu ngazi ya 4 hupata cheti, ngazi ya 5 cheti kingine, na ngazi ya 6 stashahada. Faida yake ni kubwa: mtu akikwama katikati kwa sababu ya ada, hatoki mikono mitupu, na akipata fedha aweza kurudi palepale alipoachia. Nadhani ngazi ni bora kuliko chujio. Ngazi humwacha kila mtu pale alipofika. Chujio humtupa nje.

Lakini ngazi haitoshi ikiwa hakuna fedha. Huko Unguja, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe kilichoanzishwa mwaka 2002, ambacho hufundisha taarabu, udi, kanuni na ngoma, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kimo hatarini kufungwa. Ada za wanafunzi hazikutosha kuwalipa walimu, na misaada ilikuwa imepungua. Kwa bahati njema hakikufungwa. Lakini hapo twajifunza kwamba mwanafunzi aweza kuwa hodari, asichujwe wala asiache, na bado akakosa mahali pa kusomea.

Nimalizie kwa jambo langu mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa mmoja wa waliochagua wachezaji wa mchezo wetu wa kuigiza. Walikuja 31, tukahitaji 14. Ni mimi niliyesoma majina ya waliochaguliwa, kisha nikakunja karatasi, wala sikuwaambia neno wale 17. Mmoja wao alikuwa mwenzangu wa bweni. Hakuja tena, hata kutazama. Baada ya majuma mengi nilimkuta nyuma ya bweni akifua nguo, huku akisema maneno yote ya mzee wa kijiji, tangu mwanzo hata mwisho, wala hakukosea. Aliponiona akanyamaza.

Katika kitabu cha chama nilikuwa nimeandika kwamba ameacha. Sasa najua kwamba sikuandika kweli. Mimi nilimchuja, kisha kwa kukaa kimya nikamfanya aache. Nimekwisha kumwomba radhi, na muhula huu yeye ndiye anayewafundisha Kidato cha Kwanza kusema kwa sauti. Bagamoyo nitaomba, na nikikubaliwa nitakwenda. Nikichujwa huko, nitataka kuambiwa sababu. Basi ni haki nianze kwa kuwaambia wengine.

Maswali ya kujadiliana:

1. Eleza tofauti kati ya kuchujwa na kuacha masomo. Toa mfano mmoja wa kila jambo.

2. Chuo kimepokea wanafunzi 60, kikachuja 24, na 9 wakaacha. Tafuta asilimia ya waliomaliza (a) katika wote walioingia, (b) katika waliobaki baada ya mchujo.

3. "Chama cha shule kisimchuje mtu yeyote." Jadili.